Kochi la Daktari na Ukuta wa Kaloleni

Kaloleni, Nairobi
Jumapili, 14 Januari 2024

Mwanangu Kamene,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo tangu nistaafu uchapaji kule reli limejipa kazi ya kutabiri mvua. Wewe je, na hiyo baridi ya Ufaransa? Yule bibi kizee unayemtunza bado anakurushia kijiko?

Nimeandika kwa mkono kama kawaida. Tiffany wa nyumba ya pili atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia kwa simu. Najua wenzetu wanaongea na watoto wao wa ng'ambo hata kuonana nyuso. Sisi tulishajaribu. Sauti ikitoka kwenye simu, wajina wangu Ndunge, mwanao, huziba masikio na kugonga kichwa ukutani. Basi heri barua, haina kelele.

Leo nina habari, kwa hiyo keti kwanza. Ndunge ameomba maji.

Si kwa mdomo, usiruke. Unakumbuka Mwalimu Luseno, yule wa kitengo maalum pale shuleni, alinipa picha ndogo za ukubwa wa karata nizibandike ukutani: kikombe, sahani, choo, kitanda, mlango. Kwa miezi saba tumerudia jambo lilelile. Namshika mkono, anabandua kikombe, ananipa, nampa maji. Miezi saba, Kamene. Kuna siku nilidhani mimi ndiye mwanafunzi. Sasa Alhamisi nilikuwa nachambua maharagwe nikahisi kitu kinasukumwa kiganjani. Kikombe! Hakunitazama, macho yake yalikuwa dirishani kama desturi yake, lakini mkono ulikuwa pale, unangoja. Nilimpa maji, kisha nikatoka nje nikalia penye kamba ya nguo hadi Mama Tiffany akadhani nimefiwa.

Mtoto ana miaka saba. Miaka yote hiyo amekuwa akishikwa na kiu na sisi tunakisia tu.

Mwalimu anasema picha inayofuata ni ya "inauma", maana juzi alichomwa na jiko kidoleni nami sikujua hadi nilipomwogesha. Mwombee.

Ni mimi mama yako,
Ndunge mkubwa


Ufaransa
4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na goti limetulia. Mimi niko salama, theluji imeyeyuka, na bibi kizee sasa anarusha leso badala ya kijiko, kwa hiyo tunaendelea vizuri.

Nilisoma habari ya kikombe nikafurahi, kisha nikahuzunika, na inanibidi nikueleze kwa nini. Binti wa huyu bibi, Daktari Solange, ni tabibu wa nafsi. Si daktari wa sindano. Utabibu wake unaitwa uchanganuzi nafsi: mtu hulala kwenye kochi, akazungumza lolote linalomjia, na daktari humsikiliza hadi yale yaliyozikwa tangu utotoni yajitokeze. Aliniona nikilia jikoni siku moja, akaniambia nije kwake mara mbili kwa wiki bila malipo. Nimekwenda tangu Oktoba. Mama, hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza namna ile.

Nimemweleza kuhusu Ndunge na usonji wake. Anasema mtoto wa namna hii amejifungia ndani kama mtu aliyefunga komeo, kwa sababu mapema sana alihisi hakupokelewa. Hata sauti yangu ya simu, anasema, anaikimbia kwa sababu nilimwacha. Anasema kumfundisha kubandua picha ni kumfunza kama mnyama wa sarakasi. Anakupa kikombe lakini mwenyewe bado yuko nyuma ya mlango. Yafaa aachwe anyamaze, hadi hamu ya kusema imjie mwenyewe.

Ana wenzake wenye kituo cha watoto. Wako tayari kumpokea Septemba. Atalala huko Jumatatu hadi Ijumaa, mbali nami kwanza, ili awe huru na kivuli changu. Karatasi za safari nimeanza kuzishughulikia. Agosti nitakuja kumchukua. Kwa sasa naomba jambo moja tu: mwache kidogo na zile picha.

Mwanao,
Kamene


Kaloleni
18 Februari 2024

Kamene mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nawe na hao unaokaa nao. Huku hatujambo. Ndunge ameongezeka kilo mbili, mimi nimepungua moja, kwa hiyo nyumba imefaidika.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, nikitumaini ya kwanza nilikosea. Sasa niulize, kuuliza si ujinga. Huyo daktari amemwona mtoto? Amekaa naye hata muda wa chai kupoa? Mimi nilichapa barua za wakubwa miaka ishirini na sita, na sikuwahi kuona bosi akisaini faili ambalo halijafunguliwa.

Unasema anaikimbia sauti yako ya simu kwa sababu ulimwacha. Mbona anaikimbia pia blenda ya Mama Tiffany? Blenda nayo ilimtelekeza? Anakimbia kipaza sauti cha kanisani na filimbi ya sufuria ya mvuke. Na tena ulikuwepo, hukuwa umeondoka, alipokuwa na mwaka mmoja na nusu akipanga vibanio vya nguo kwenye mstari toka mlangoni hadi kitandani, na ukimwita hageuki. Ulimpakata mchana kutwa. Nilikuona kwa macho yangu haya. Kama kuna mama aliyempokea mwanawe, ni wewe.

Picha ya "inauma" ameishika. Jumanne alianguka uwanjani mbele ya jumba la mikutano, akainuka, akaja hadi ndani, akaibandua, akaniletea, akaiweka kwenye goti lake lenye damu. Tiffany alikuwepo. Akaniambia kwa Kisheng chake, "Shosh, huyu mtoi ni genius, si ni sisi tulikuwa hatushiki?" Ndiyo, ni sisi tuliokuwa hatuelewi.

Mlango wake uko wazi, Kamene. Ni mwembamba tu, nasi wanene tunataka kuingia na mizigo.

Mama yako


Ufaransa
10 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Natumaini nanyi pia.

Leo sitakuwa na utani. Wiki hii Daktari Solange aliniuliza jina langu lina maana gani. Nikamwambia kwa Kikamba ni "aliyechukiwa". Aliacha kuandika. Akauliza aliyenipa jina hilo ni nani. Nikasema, mama yangu. Akaliandika hilo, akalipigia mstari.

Unajua jinsi nilivyolibeba. Darasani watoto wa Kikamba walikuwa wakilitamka huku wakicheka. Nilikuwa nakuja nyumbani nakuuliza, na wewe unasema "jina ni jina" na kuendelea kupiga pasi. Mara ngapi? Hukuniangalia hata mara moja.

Daktari anasema mtu aliyepokelewa kwa chuki huipitisha chuki hiyo bila kujua, kama urithi. Kwamba mimi nilipokuwa mjamzito sikujua kumtaka mtoto kwa sababu sikuwahi kutakwa. Kwamba Ndunge alilisikia hilo tumboni, akafunga mlango. Nilipolisikia niliumia, lakini pia nilipumua, kwa sababu angalau nimepata sababu. Miaka mitano nimeitafuta sababu, Mama. Madaktari wa Nairobi walisema tu "amezaliwa hivyo", na hilo si jibu la kumpa mtu anayelala peke yake nchi ya watu.

Basi nijibu. Ulinichukia? Na kama hunijibu hilo, nisaidie hili: bandua zile picha. Ni mwanangu. Naomba nianze upya naye bila mazoezi ya sarakasi.

Kamene


Kaloleni
28 Aprili 2024

Kamene,

Tu wazima. Mvua imekuwa kubwa mno, mitaro imefurika, ila nyumba hizi za mawe hazijatuangusha.

Nimechelewa kujibu, ila uliloomba nimelifanya. Picha nimezibandua zote. Zimebaki alama ukutani. Mtoto nimemtoa kwenye kitengo. Mwalimu Luseno hakubishana, ameniambia tu nisizitupe, nimeziweka kwenye bahasha chini ya godoro.

Umesema mimi ndiye chanzo. Basi chanzo kimekaa kando.

Habari ya jina usiniulize tena.

Mama yako


Ufaransa
5 Mei 2024

Mama mpendwa,

Pole kwa mvua, tumeona mafuriko kwenye taarifa za habari. Namshukuru Mungu mko salama. Mimi sijambo.

Asante. Najua haikuwa rahisi, na najua umekasirika. Sikutaka kukuumiza. Daktari anasema hata kukataa kwako kuzungumzia jina ni jibu, lakini sitakusukuma.

Ametuonya jambo moja. Mtoto akiachwa bila picha huenda mwanzoni akawa na vurugu: kulia, kujipiga, kukataa chakula. Anasema tusiogope wala tusimzuie. Ndiyo huzuni ya kuachwa inayotoka, na ikishatoka ndipo neno hupata nafasi. Ukiona hivyo, keti tu karibu naye na umwache.

Tiketi nimekata ya tarehe kumi na saba Agosti.

Mwanao anayekupenda, ijapokuwa huamini,
Kamene


Kaloleni
2 Juni 2024

Kamene,

Habari za huko. Za huku si nzuri.

Leo ni siku ya tano Ndunge anajipiga shavuni kwa ngumi. Shavu la kulia. Anaanza alfajiri. Chakula anakitema. Jana nilikwenda hadi soko la mbuzi la Kiamaiko nikanunua mifupa ya mbuzi nikamchemshia supu, ile ambayo huwa anakunywa bakuli mbili, akaigusa mdomoni akapiga yowe. Choo ameanza kukisahau tena, jambo ambalo lilikuwa limekwisha tangu Krismasi.

Muulize huyo daktari wako: huzuni ya kuachwa hukaa shavuni? Ningoje au nisingoje? Nijibu upesi.

Mama


Ufaransa
3 Juni 2024

Mama,

Nakujibu leo leo, sijafanya kazi yoyote. Pole sana, na mpe pole mjukuu wako.

Nimemuuliza. Anasema ndiyo hatua yenyewe aliyotuonya. Anasema shavu ni mahali mama hubusu, na mtoto anapapiga kwa sababu hapakubusiwa. Tungoje. Tukimkatiza sasa tutamrudisha nyuma ya komeo.

Nimelia nilipolisikia. Mama, nilimbusu pale kila siku. Au sikumbusu? Siku hizi hata kumbukumbu zangu siziamini.

Mvumilie. Tuvumilie wote.

Kamene


Kaloleni
23 Juni 2024

Kwa mwanangu Kamene,

Nakusalimu, na kabla hujasoma zaidi jua kwamba mtoto yu hai, anakula, na sasa hivi amelala chini ya meza anapopenda. Wewe tafuta pa kuketi, kwa maana barua hii ni ndefu.

Nilingoja, kama ulivyosema. Nilingoja hadi Ijumaa, ikawa siku ya kumi. Alikuwa amepungua hata nguo zinamvuka. Alasiri hiyo alikuja akanishika kidole, akanivuta hadi ukutani, pale picha zilipokuwa. Palikuwa na alama tu, miraba ya rangi iliyofifia. Akaanza kusugua ukuta mtupu kwa ukucha. Anasugua, anangoja. Anasugua, anangoja. Kamene, nimezika mume na nimezika wazazi, lakini sijawahi kuona kitu kama mtoto anayeomba kwenye ukuta ambao bibi yake ameunyang'anya maneno.

Nilitoa bahasha chini ya godoro nikamwaga picha sakafuni. Hakushika kikombe wala sahani. Alizipekua hadi akaipata ya "inauma". Hakunipa mkononi. Aliibandika shavuni kwake, akaishikilia kwa viganja vyote viwili, akanitazama. Machoni. Ni mara ya pili maishani mwake.

Nilimfunga mgongoni, mkubwa vile, nikaenda kugonga kwa Mwalimu Luseno, naye akatusindikiza hospitalini. Ni jino. Gego la nyuma limeoza na usaha umejaa hadi kwenye taya. Walimlaza kwa dawa ya usingizi wakang'oa mawili. Daktari wa meno, msichana mdogo tu, aliniuliza ameumwa tangu lini. Nikasema siku kumi. Akaniuliza, "Na siku zote hizo mlikuwa mnangoja nini, mama?" Ningemwambia tulikuwa tunangoja huzuni itoke?

Nataka ulijue hili vizuri: sikulaumu peke yako. Mimi nilijua. Mwili wangu wote ulijua lile ni jambo la maumivu. Nilibandua zile picha kwa hasira, si kwa imani. Nilitaka uone kwamba umenikosea. Hasira ilikuwa yangu na wewe, aliyeilipia ni mtoto asiye na mdomo. Nimetubu kanisani, nimetubu kwa Mwalimu, na jana nimemwomba Ndunge radhi, ingawa alikuwa anapanga vibanio wala hakugeuka.

Sasa jina.

Kabla yako nilizaa mara mbili. Hukuwahi kusikia. Wa kwanza alikuwa Muthama, akaishi siku kumi na moja. Wa pili Nzivo, akaishi miezi minne, alikuwa ameanza kucheka. Wote walifia katika nyumba hii hii ninayoandikia, kwenye chumba ulichokuja kulala wewe. Ulipozaliwa sikutaka kukuangalia, ni kweli, kwa siku mbili sikukuangalia, kwa sababu niliogopa macho yangu ndiyo yanayowaua. Siku ya kupewa jina mama yangu alikuja kutoka Kangundo. Akasema, "Mtoto huyu asiitwe jina zuri. Kifo kinapenda vizuri. Mwite aliyechukiwa, kikipita kimwone ni takataka, kiende." Ndivyo Wakamba walivyofanya tangu zamani kwa mtoto anayefuata makaburi. Nilikuita hivyo nikiwa nimekukumbatia hadi wakanionya nitakuziba pumzi.

Na mama akaniapisha nisikueleze kamwe, wala nisiwataje wale wawili mbele yako. Alisema jina kama hilo ukilieleza unalivua nguvu, na kifo kinajua kimedanganywa. Ndiyo sababu nilikuwa napiga pasi. Ulipokuwa unalia kwamba wanakucheka, nilikuwa napiga pasi ili nisigeuke nikakuambia. Mimi ni Mkristo na najua Mungu hadanganywi kwa majina, lakini miaka thelathini na minne sikuthubutu kujaribu. Hata sasa nimemwomba Tiffany asisome, apige picha tu.

Uliuliza kama nilikuchukia. Nilikupenda kiasi cha kukubali unichukie.

Picha ziko ukutani. Jumatatu amerudi kwa Mwalimu.

Mama yako


Ufaransa
14 Julai 2024

Mama yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Shikamoo, na tena shikamoo. Nimechukua wiki tatu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nafika kwenye ule ukuta na kuiweka chini.

Nimwangukie nani kwanza? Wewe, au yeye? Nilikuambia ungoje. Niliandika kwa mkono wangu, "Tungoje." Barua ile Tiffany aliihifadhi kwenye simu? Mwambie asiifute. Nataka niwe naiona.

Barua yako nilikwenda nayo kwa Daktari Solange, nikamtafsiria yote, kuanzia jino hadi Nzivo aliyekuwa ameanza kucheka. Sikulala kwenye kochi. Nilikaa kwenye kiti kama yeye. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hakujua kwamba watu hufanya hivyo kwa mapenzi. Nikamwambia, hukuuliza. Akasema bado anaamini jino ni jino na huzuni ni huzuni, na zote mbili zaweza kuwepo. Nikamwambia huenda, lakini huzuni haikuwa inaua mtoto wangu mwezi wa sita. Aliinamisha kichwa. Si mtu mbaya, Mama. Alifasiri mtoto ambaye hajawahi kumwona, na mimi nilimsaidia, kwa sababu nilitaka sana iwe kosa la mtu. Hata kama mtu huyo ni mimi.

Nimefikiri sana kuhusu kochi lile. Sitasema halikunifaa. Bila yale maswali nisingekuuliza jina, na bila hasira yangu usingenijibu, na ningekufa bila kujua kwamba nina kaka wawili. Palikuwa na kitu kimezikwa nyumbani kwetu, na daktari alikinusa. Lakini aliyekuwa na kitu kimezikwa ni mimi. Aliyelala kwenye kochi miezi tisa ni mimi. Dawa ikanitibu mimi, tukampa mtoto ameze. Ndunge hajazika kitu. Amezaliwa na usonji kama wengine wanavyozaliwa wenye kutumia mkono wa kushoto, na alichohitaji ni mtu wa kumwonyesha njia ya kusema "inauma", mara mia nne kama ni lazima. Wewe ulimwonyesha. Mimi nikaiita sarakasi.

Ile nafasi ya Septemba nimeikataa. Kazi nimeiaga, bibi kizee amenirushia kijiko kwa mara ya mwisho na kisha akanishika mkono. Tarehe ni ileile, kumi na saba Agosti. Sasa siji kumchukua. Nakuja kukaa, kama mtanipa pembe.

Nifundishe. Nikifika mlangoni nifanye nini?

Kamene wako. Leo nimelitamka mbele ya kioo, na halikuniuma.


Kaloleni
Jumatano, 14 Agosti 2024

Mwanangu Kamene,

Salamu zikutangulie njiani. Sisi tu wazima sote, hata goti. Pengo la Ndunge limepona vizuri na supu inashuka bakuli mbili.

Pembe unayo, ni chumba chako kilekile. Juzi nilikifagia, na kwa mara ya kwanza niliwataja Muthama na Nzivo kwa sauti mle ndani. Nikasimama kusikiliza. Hakukutokea kitu. Ni Mama Tiffany tu aliyewasha blenda.

Umeuliza ufanye nini mlangoni. Usimwite kwa sauti. Usimkumbatie, hata moyo ukikupasuka. Vua viatu, keti sakafuni kando yake, si mbele yake, na chukua vibanio viwili uvipange mwishoni mwa mstari wake. Akiviondoa, usivirudishe. Akiviacha, umepokelewa. Usijipake marashi. Na simu uizime kabla hujaingia.

Jambo jingine. Mwalimu Luseno alitutengenezea ubao wa siku saba, ili mtoto ajue kinachokuja: Jumatatu shule, Jumapili kanisa, hivyo hivyo. Juma lililopita tulichukua ile picha yako ya pasipoti uliyoacha kwenye Biblia, tukaibandika Jumamosi. Nikamwonyesha kwa kidole: mama, Jumamosi. Hakutazama.

Leo asubuhi nimekuta picha yako haiko Jumamosi. Iko Jumatano. Nikadhani imeanguka mtu akaibandika vibaya, nikairudisha. Nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, Jumatano. Nikairudisha tena mbele yake, nikamwambia, "Bado, wajina, ni Jumamosi." Akaibandua, akaibandika leo, akaenda kuketi karibu na mlango na vibanio vyake.

Nilimpigia Mwalimu nikamuuliza, je, anamtaka mamake? Akanijibu, "Mama, tusimfasirie. Tuandike tu alichofanya." Basi naandika tu alichofanya. Amekubandika leo mara tatu, na tangu saa mbili asubuhi hadi sasa saa kumi yuko mlangoni, hata chakula cha mchana amekula hapo hapo.

Kwa hiyo ukifika Jumamosi ukadhani umewahi, kwake utakuwa umechelewa siku tatu. Ukishaketi, mwombe radhi.

Mama yako,
niliyekuita Kamene